Mtafiti Mkuu ni Mama Geuza

Na bado nasema, sentensi mbili hazimtoshi. Katika kikao cha asubuhi cha Jumatatu katibu wa hospitali alisoma kwamba muuguzi wetu anayestaafu alikuwa mpole na hakuwahi kuchelewa kazini, kisha akafunga faili. Basi wenzangu wa wodi ya wanaume wakaniomba mimi, mhudumu wa wodi, niandike risala ya kwetu ya kumuaga kwa ajili ya jarida hili la hospitali. Wanasema siku hizi nina maneno matamu. Ni kweli, niliolewa wiki tano zilizopita na utamu bado umejaa mdomoni. Lakini leo umechanganyika na hasira, na sitaificha.

Mama Geuza anastaafu Ijumaa hii, tarehe kumi na mbili, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Ishirini na sita kati ya hiyo ameitumikia wodi yetu yenye vitanda thelathini na nane. Jina lake amelipata kwa kazi. Mgonjwa asiyeweza kujisogeza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi iliyo juu ya mfupa inakufa na kufunguka. Mtu anakuja na nyonga iliyovunjika, anaondoka na shimo mgongoni. Mama Geuza aligeuza kila aliyelala mbele yake. Mume wake, mwalimu mstaafu, alituambia kwenye harusi yetu kwamba kwa miaka thelathini hajawahi kuamkia ubavu aliolalia.

Hapo hapo harusini Mama Geuza alitupa wosia, mimi na mume wangu. Mume wangu! Raha iliyoje kuliandika neno hilo. Yeye ni fundi wa vitanda hapa hospitalini, na tulijuana siku Mama Geuza aliponituma karakana kusema kitanda cha kumi na nne kimekwama. Wosia wenyewe ulikuwa huu: wawili wakinyanyua kwa pamoja, hakuna mgongo unaouma. Nilisikia nasaha nyingi siku ile, hiyo ndiyo naiishi.

Sasa nifike kwenye kilichonikera. Miaka saba iliyopita Mama Geuza alianza kujiuliza: wodi ikiwa na watu wawili tu kwa zamu, ni mgonjwa yupi asiyeweza kabisa kusubiri? Na je, ndugu wa mgonjwa wakifundishwa kugeuza, vidonda vitapungua? Hayo ni maswali ya utafiti, akatafuta mashirika ya kushirikiana naye kuugharimia. Shirika la kwanza lilimjibu kwamba uuguzi ni huruma, na huruma haifanyiwi utafiti. La pili lilitaka kuleta mashine. La tatu lilimpa fomu yenye nafasi ya kujaza jina la daktari anayeongoza utafiti, na nafasi ya muuguzi haikuwepo popote. Akakata neno daktari kwa rula, akaandika muuguzi juu yake. Fomu ikarudishwa kwa sababu ya uchafu.

Waliomkubali mwishowe ni shirika la ustawi wa wazee pamoja na chama cha watu wanaouguza wazazi wao majumbani. Hao walikuwa wameviosha vidonda hivyo kwa mikono yao, hawakuhitaji kuelezwa.

Mwaka wa kwanza wa utafiti tulimwangusha. Saa tatu asubuhi alikuta chati ya kitanda cha sita, ile inayotiwa saini kila mgonjwa anapogeuzwa, imeshatiwa saini mpaka ya saa saba mchana. Wote tulifanya hivyo, na mimi pia: unaingia zamu, unajua utalemewa, unatia saini zote mapema ili chati isikudai. Alituita kwenye chumba cha shuka. Hakupaza sauti. Alisema, "Karatasi mmeigeuza vizuri. Mgonjwa bado amelalia ubavu uleule." Niliinamisha kichwa, nikatamani sakafu inimeze.

Akaamua kuwaeleza wafadhili mwenyewe. Katibu akamwonya asiivue nguo hospitali mbele ya wageni. Alikwenda hata hivyo, na chati za uongo mkononi. Wale wabia hawakujitoa. Waliuliza kwa nini wauguzi wema wanaandika uongo, na swali hilo likaingizwa kwenye utafiti. Tukapata wahudumu wawili wa ziada, ndugu wa wagonjwa wakafundishwa, chati zikaanza kusema kweli. Zamani katika kila wagonjwa kumi wasiojiweza, wanne walipata vidonda. Leo ni mmoja.

Mwezi uliopita rasimu ya ripoti ikaja. Humo mtafiti mkuu ni daktari aliyefika wodini kwetu mara mbili, na moja ya hizo alikuwa anatafuta simu yake. Mama Geuza yuko ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, kati ya mpiga chapa na kantini. Tulipouliza, ofisi ya hospitali ikatujibu kwamba mstaafu hawezi kuongoza utafiti. Lakini miaka hiyo saba yote hakuwa mstaafu.

Tumeandika barua, watu kumi na tisa wa wodi, tukaipeleka kwa wabia wenyewe. Wamejibu kwa heshima: wanakaa tarehe ishirini na tano kuipitisha ripoti, na watarekebisha jina endapo Mama Geuza mwenyewe ataandika mistari miwili kwamba utafiti ni wake. Nikakimbia kumpa habari. Akaendelea kukunja shuka. "Jina halimponyi mgonjwa, mwanangu," akasema.

Mama, kwa hili nakukatalia, na nakukatalia mbele ya jarida zima. Kuna muuguzi mahali fulani ana swali lake kama ulivyokuwa na lako. Akibisha kwenye shirika, wataifungua ripoti hii kuona kama muuguzi aliwahi kuongoza utafiti. Wakikuta jina la daktari, watamrudishia fomu yake naye. Hapo jina lako litakuwa limekosa kumponya mgonjwa kweli.

Asante kwa migongo mizima uliyotuachia, na kwa kutufundisha kusema ukweli wenye aibu. Upumzike vyema, wewe na mwalimu wako, mpendane kama sisi tuliooana juzi. Ila usizoee sana huo utulivu. Jumamosi tarehe ishirini, kabla wabia hawajakaa, mimi na mume wangu tutabisha hodi kwako. Tutakuja na karatasi na kalamu, na hatuondoki mpaka uandike.