Mama Nshobole Joviale, Aliyepima Njaa Yake Mwenyewe (1968–2025)

Wapendwa jamaa, majirani wa Katindo, na ninyi mliofanya kazi naye: Mama Nshobole Joviale alizaliwa Birava, kando ya ziwa, tarehe 11 Machi 1968, kifungua mimba wa nyumba yao. Shule ya msingi alisomea hukohuko Birava. Sekondari alimalizia Bukavu katika masomo ya biolojia na kemia, na mwaka 1991 akapata diploma ya maabara.

Alifika Goma mwaka 1993, akapata kazi katika maabara ya kituo kimoja cha afya. Wengi waliona vichupa vya damu tu. Yeye aliona kazi ya tumbo. Alipenda kuwaeleza vijana wa mafunzo kwamba chakula hakimfai mtu mpaka kikatwekatwe, na kinachokikata ni vimeng'enya, ambavyo huku tunaviita anzime: kimoja cha wanga, kingine cha nyama, kingine cha mafuta. Vingi vinatoka kwenye kongosho. Vikijaa kwenye damu, kongosho linaumwa. Vikikosekana kwenye choo, kongosho limechoka.

Papa Birindwa, karani wa forodha, alikuja kupimwa choo. Hivyo Mama alijua minyoo yake kabla hajajua jina lake. Siku Papa alipomtembelea Mama nyumbani, alipewa tonge la bugali atafune bila kumeza, hadi mate yaugeuze wanga kuwa sukari. "Nilitafuna mupaka nikasahau maneno niliyokuja kusema," Papa husimulia. Aliyakumbuka baadaye. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996, wakajaliwa binti, jina lake Mimi, na mwana wa kiume, Munguakonkwa.

Ugonjwa ulianza katikati ya mwaka 2023. Alikula vizuri, lakini nguo zilizidi kumpwaya. Asubuhi moja alichukua choo chake mwenyewe, akakitia rangi, akaweka kwenye darubini. Uwanja wote ulijaa matone mekundu ya mafuta yasiyoguswa. Hakumwita mtu. Alinawa mikono, akakaa. Kipimo kilichopelekwa Kigali kilithibitisha: kongosho lake lilikuwa halitoi tena anzime, ila chache mno.

Bintiye Mimi, anayefanya kazi Kinshasa, akawa anamtumia kwa ndege vidonge vya anzime, vya kumeza pamoja na kila mlo. Mama akaanza kunenepa. Kisha, mwishoni mwa Januari 2025, vita vikaingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa, mpaka wa Rwanda nao ukafungwa, mashua za Bukavu zikasimama. Vidonge vikaisha. Sambaza, dagaa wa ziwani alizozipenda, zilipita tumboni kama zilivyoingia. Alizunguka ndani ya ua, akishika ukuta, na hakuwa na pa kwenda.

Ndipo akamtuma mdogo wake Fiston kwa mchinja nguruwe, amletee kongosho bichi. Alijua kwamba kongosho la nguruwe ndilo linalotengenezewa vidonge vile. Alijua pia mtego uliokuwemo: akilipika, anzime zinakufa, asipolipika, anaweza kumeza maradhi.

Alilibeba hadi maabara, akaliponda, akachuja maji yake. Akaweka uji wa muhogo katika mirija mitatu ya kioo. Mmoja akautia maji matupu, wa pili maji ya kongosho lililochemshwa, wa tatu maji ya kongosho bichi. Baada ya kungoja, akadondosha yodi. Miwili ya kwanza ikawa bluu nzito, maana wanga ulikuwa bado umo. Wa tatu ukabaki na rangi ya chai nyepesi. Wanga ulikuwa umekatwa.

"Unaona? Iko inatumika, iko inakata wanga," alisema.

Joyeuse, mwenzake wa maabara, alimshika mkono. "Mama, uache hiyo kitu. Itakuua."

"Joyeuse, niko nakula kila siku, na niko nakufa njaa. Unataka ningojee nini?"

Joyeuse akamwachia mkono. Alimtafutia bikarbonati ya kutuliza asidi ya tumbo, isije ikaziharibu anzime, akakaa naye alipomeza mara ya kwanza. Mama alitapika. Akameza tena. Kwa majuma kadhaa aliishi hivyo, akajipima choo chake, na matone yakapungua. Njia ya Kigali ilipofunguka, vidonge vikarudi, ingawa kwa kusuasua. Siku ya Pasaka alikwenda misani kwa miguu yake, Papa akimfuata nyuma na kiti ambacho hakukikalia.

Mwezi Juni maumivu yalimrudia. Picha iliyopigwa Kigali ilionyesha uvimbe kwenye kongosho, nao ulikuwa umeenea. Huo, alituambia, hakuna anzime ya kuukata. Aliomba kurudi nyumbani. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, Papa akimlowanisha midomo.

Anaacha mama yake mzazi huko Birava, ambaye bado anauliza kwa nini mwanawe haji, mumewe Birindwa, mdogo wake Fiston, anayesoma maneno haya, mwanawe Munguakonkwa, na bintiye Mimi, ambaye tangu Januari ametafuta njia ya kufika Goma asiipate. Yuko Kinshasa, anasikiliza kupitia simu ambayo baba yake ameishika karibu na kipaza sauti.

Mimi, usikate simu. Tunamshusha sasa.

Mungu ampokee Mama Nshobole, ampe pumziko lenye amani.