Marehemu Cornel na Bati Lake la Majengo

Baba Paroko, wazee wa jumuiya, majirani wa Ihumwa, ndugu zetu mliotoka Busi na Kondoa mjini, nanyi wafanyabiashara wa Majengo ambao hatukuwategemea lakini tunawaona, shikamooni wakubwa, wadogo poleni. Familia imenipa mimi Erick, mtoto wa dada yake marehemu, kazi ya kuyasoma maisha ya mjomba wetu Cornel Batholomeo mbele ya jeneza lake, ikaniagiza nisome yale tu yanayojulikana, nisiongeze chumvi, kwa sababu waliopo hapa wameshaongeza ya kutosha tangu enzi za uhai wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 katika kijiji cha Busi, wilaya ya Kondoa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Batholomeo, aliyekuwa katekista aliyehamia hapo kutoka Haubi, na mama Cecilia, mkulima wa ulezi na karanga. Alisoma shule ya msingi hapohapo Busi, kisha shule ya kati Kondoa mjini, ambako alimaliza darasa la nane mwaka 1965, na walimu wake walimfahamu zaidi kwa ramani alizochora ubaoni kwa chaki za rangi, wakazionea huruma kuzifuta. Mwaka 1968 alikwenda Dar es Salaam kujifunza uchoraji na uchapaji, na tarehe 1 Aprili 1970 akaajiriwa hapa Dodoma katika ofisi moja ya serikali, kitengo cha mabango, ambako alichora mabango ya chanjo, ya kilimo bora cha mtama na ya elimu ya watu wazima, ambayo wengi wenu mmekua mkiyatazama bila kujua mkono uliofanya kazi ile.

Tarehe 26 Oktoba 1974 alifunga ndoa takatifu na Paskazia, huyu mama yetu aliyekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Aneth aliyezaliwa mwaka 1976, Ruthu wa mwaka 1979, na Batholomeo wa mwaka 1983, aliyepewa jina la babu yake.

Sasa ndugu waombolezaji, mwaka 1982 ndipo penye mzizi wa mambo yote. Mjomba aliagizwa ofisini achore bango la duka la ushirika, lenye rafu zilizojaa sukari, sabuni na mafuta ya kula, akalichora vizuri mno, kama alivyochora kila kitu, na bango hilo likasafiri hadi Busi, likabandikwa kwenye ukuta wa godauni la kijiji. Mama yake, bibi yetu Cecilia, alipoambiwa kuwa ile ni kazi ya mwanawe, hakuuliza la pili, alichukua chupa yake ya mafuta akashuka mlima hadi dukani, akakuta rafu tupu na muuzaji anasinzia, akapanda mlima tena na chupa yake tupu. Cornel alipokwenda likizo hakugombezwa, aliandaliwa mboga iliyochemshwa kwa maji na chumvi, na alipokuwa akila mama yake akamuuliza taratibu, "Mwanangu, mafuta yale uliyaona wapi?"

Mke wake anasema swali hilo lilimkaa rohoni mpaka likawa linamtoa kwenye mazungumzo. Tarehe 30 Juni 1986 aliacha kazi kwa hiari yake, kabla hata ya wenzake kuanza kupunguzwa, na hapo ndipo watu walipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni, kwa maana Dodoma hii ya maofisi mtu haachi kazi ya serikali, hupewa nyingine isiyosemwa.

Mwaka 1987, biashara zilipokuwa zimeanza kufunguliwa na maduka ya Majengo yakijaa vitu tulivyokuwa tumevisahau, alifungua karakana ya vibao karibu na soko, na siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuchora kibao cha mtu yeyote, alichukua bati jipya, akalipaka nyeupe, akaandika kwa herufi nyeusi ilani yake mwenyewe, akaitundika mlangoni. Ilisomeka hivi: Mimi Cornel, mchoraji. Sichori nisichokiona kwa macho yangu. Nilichokiona ndani kwa mtu hakitoki nje. Kazi mbaya naifuta mwenyewe, sisubiri kuambiwa.

Balozi wa nyumba kumi alikuja siku ileile kuuliza kama anaanzisha chama, akajibiwa kuwa chama hicho kina mwanachama mmoja na hakipokei wengine. Lakini taabu haikutoka kwa balozi, ilitoka kwa wateja, maana mwenye duka akija kutaka kuchorewa ukuta, mjomba alimwambia kwanza nionyeshe mali, na alitaka kuingia hadi stoo, afungue gunia aone mchele, afungue katoni aone sabuni. Nanyi mnakumbuka mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, watu walivyofukia sukari chini ya vitanda na kutupa vitenge makorongoni kwa hofu, kwa hiyo mtu anayeomba kuingia stoo na kukagua, halafu akitoka hasemi neno, mlimpa jina moja tu. Shushushu. Nalisema hapa kwa sababu mlilisema kila mahali isipokuwa mbele yake.

Hata nyumbani halikukosa mlango. Mama Paskazia ameniruhusu niseme kwamba kwa miaka ile alikaa na shaka kama mtu anayekaa na mgeni, kwani mumewe alijua stoo ya kila mfanyabiashara wa Majengo, lakini yeye mkewe akimuuliza nani ana unga mzuri, anaambiwa kasome kwenye kuta. Alipochoka alimkabili wakati wa chakula, watoto wakisikia, akamwambia, "Baba Aneth, niambie leo, wewe ni mtu wa nani?" Mjomba akaweka tonge chini, akasema, "Mtu wako." Jibu lilimtosha kwa siku hiyo, siyo zaidi.

Tarehe 9 Februari 1992 maofisa waliingia stoo ya ndugu Athuman Uwesu, mtu wa nyumbani Kondoa, muuza nafaka, ambaye ukuta wake mjomba alikuwa amemaliza kuuchora siku iliyotangulia, wakatoa humo magunia ya mahindi ya msaada yenye mhuri, ambayo si ya kuuzwa, na ndugu Athuman akachukuliwa. Kabla ya jua kutua Majengo yote ilikuwa imeshapata jibu, kwamba michoro ya Cornel ni alama, kwamba anachora nje kilichomo ndani ili maofisa wasihangaike kutafuta, na kesho yake watu walichukua ndoo za chokaa, wakapaka kuta zao nyeupe, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtaa mzima ukawa hauna hata picha ya kiberiti. Mjomba alipita katikati ya kuta hizo na baiskeli yake, akisalimia, na walioitikia walikuwa wachache.

Ndipo Batuli, mke wa ndugu Athuman, alipokuja karakana, macho yamevimba, akiwa hajui kama anakuja kumlaumu au kumwomba, akamwambia mbele ya mama Paskazia, "Shemeji, wewe ndiye uliyeingia mwisho. Kama uliyaona hayo magunia, nijue. Kama hukuyaona, nenda ukaseme." Mjomba alikuwa ameingia kila kona ya stoo ile siku hiyo ya mwisho, na magunia ya mhuri hayakuwemo. Lakini kusema lililomo au lisilokuwemo ndani kwa mtu ilikuwa ni kuvunja neno aliloliandika mlangoni kwake, na kunyamaza ilikuwa ni kumwacha Athuman gerezani kwa kosa ambalo mikono yake haikulifanya. Mama Paskazia anasema hakumwona mumewe akihangaika namna ile hata siku ya msiba wa bibi Cecilia.

Asubuhi ya tarehe 12 Februari, soko limejaa, alileta ngazi, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akaufuta ule mstari wa ilani yake uliosema alichokiona ndani kwa mtu hakitoki nje, watu wakimtazama, akakaa kwenye kigoda kungoja rangi ikauke, kisha akavaa koti akaenda kituoni kueleza alichokiona. Ndugu Athuman aliachiwa tarehe 3 Machi. Nani aliyeyaingiza magunia yale baina ya siku mbili, mpaka leo familia haijui, na nikiinua macho kutoka kwenye karatasi hii naona wapo wanaotazama viatu vyao.

Mngetegemea hapo jina lisafishwe. Wapi! Mlisema mtu aliyekwenda kituoni bila kuitwa ni mtu anayeijua njia, na ndugu Athuman mwenyewe, ambaye yupo nasi na tunamshukuru kwa kufika, alisema barazani kwake, "Mtu anayejua hata kisichokuwemo dukani kwangu, huyo si mchoraji." Ukuta wake una chokaa hadi leo.

Kazi ilipokauka Majengo, mwaka 1993 marehemu alihamishia karakana hapa Ihumwa, akachora vibao vya mabucha, vya shule za chekechea na vya makanisa, akimfundisha Aneth kushika brashi, na bati lake akalitundika tena na ule mstari mtupu katikati. Aneth aliwahi kumshauri aurudishe, kwa kuwa mambo yameshapoa, akamjibu, "Niliufuta kwa sababu nilisema. Nikiurudisha nitakuwa nadanganya." Na mwaka huohuo mama Paskazia, bila kuambiwa na mtu, aliacha kuuliza swali lake.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 1999 kwa kifua, madaktari wakahisi mvuke wa rangi za miaka mingi, akalazwa mara kadhaa katika hospitali ya mkoa, akatoka, akarudi, hadi tarehe 14 Mei 2001, saa tatu asubuhi, alipofariki mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko aliyempa sakramenti, jumuiya, majirani wa Ihumwa mliopika na kulala nasi, na mafundi wenzake wa vibao mliokuja na brashi zenu mfukoni. Wafanyabiashara wa Majengo tunawashukuru pia, kwa kufika.

Neno la mwisho ni la msalaba. Mnaouona pale ameuandika Aneth, na hakukubali kugusa rangi jana mpaka alipopelekwa chumba cha maiti akamwona baba yake kwa macho yake, akakaa naye kidogo, ndipo akatoka akaandika jina na tarehe. Mjomba Gaspari, kaka wa marehemu, kwa nia njema alimtaka aongeze chini yake, Alipendwa na watu wote. Aneth alifuta brashi kwa kitambaa, akamwambia kwa heshima, "Baba mkubwa, hilo sikuliona." Kwa hiyo mkiona chini ya jina pameachwa peupe, msidhani rangi iliisha.

Pumzika, mjomba Cornel, na ile amani tunayokuombea leo, ukaione kwa macho yako mwenyewe.