Ghala Limekataa Kazi ya Kimeli

Benchi la Waya liko nje ya kibanda chake cha kutengeneza simu, hapa Nakuru, pale lami inapoishia na vumbi linapoanzia. Kahawa ya Milcah, mchuuzi wa jirani, hunywewa hapo polepole, na uchovu hunywewa pamoja nayo. Saa nne asubuhi Kimeli alikuwa na laptopu magotini, macho mekundu. Programu ya kuwajulisha wafugaji wa Olenguruone siku ya chanjo ya ng'ombe alikuwa ameimaliza. Lakini ujumbe hutoka kwenye ghala la mtandaoni, ambamo yeye na mwenzake Chelangat huweka kazi zao za programu, na ghala lilikuwa limeikataa kazi yake mara tatu. Chanjo ni kesho.

— Inasema aje? aliuliza Waya.

— Inasema huko juu kuna kazi ya Chelangat ambayo mimi sina. Niichukue kwanza, niiunganishe na yangu, ndiyo nipandishe.

— Hiyo ni network, buda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Panda juu ya meza.

— Network iko, Waya.

Profesa, dereva mstaafu wa trela ambaye hajawahi kufundisha mtu, akaweka kikombe chini.

— Ni laptopu. Imechoka kama wewe. Izime, uianike jua.

— Wapi! Waya akadakia. Ni Chelangat ameweka kufuli. Anataka sifa peke yake.

— Ama mtandao umesikia ng'ombe hawajachanjwa, unaogopa kuambukizwa, akasema Profesa.

Kimeli hakucheka. Wiki tatu hakuwa amechukua kazi ya mwenzake. Kuiunganisha sasa kungemlia siku nzima. Kulikuwa na amri ya kulazimisha: yako inaingia, ya mwenzako inafutika. Alikuwa ameshaiandika. Kilichobaki ni kubonyeza.

— Bonyeza basi! Waya akasema. Umoja ni nguvu. Tumia nguvu sasa, umoja utakuja baadaye.

— Bonyeza, tupumzike, akaunga Profesa.

Mathe mmoja, mama wa makamo aliyekuja kuchukua simu yake, alikuwa amesimama kando, akisikiliza.

— Samahani. Huyo Chelangat, huko juu aliandika nini?

Waya akamtazama Profesa. Profesa akatazama kikombe. Kisha wote wakamtazama Kimeli.

— Sijasoma, mathe.

Akaifuta ile amri, herufi moja moja, akafungua kazi ya mwenzake. Juu kabisa palikuwa na maelezo mafupi: "Nimeongeza wafugaji wa ng'ambo ya mto, mia moja na wanne. Kimeli, nilikupigia, hukushika."