Bi Kimya Hakuniachia Nishinde

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata mama, aliyeniuliza mezani kwa nini sili. Mkutubi wetu, anayestaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba ya shule yetu, hakuniachia nishinde. Siku ile ukumbini, kwenye sataranji, nilimfunga kweli.

Lakini nianze na kazi yake, maana ndiyo niliyopewa ukurasa huu wa jarida niieleze.

Alianza kama mshonaji wa majalada katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya viti, akiwa na sindano, gundi na birika la umeme lisilozima lenyewe. Mwaka ule paa lilipovuja, alihamishia vitabu vyote vya sayansi katika ofisi ya walimu, na walimu wakawa wanasahihisha madaftari wakiwa wamesimama, kwa sababu viti vyao vilikuwa vimekaliwa na fizikia. Mkuu wa shule anakumbuka vizuri siku aliyonyimwa kitabu kipya mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza mpaka arudishe cha zamani. Ilibidi akifuate nyumbani. Jina la Bi Kimya alipewa na wanafunzi, kwa ajili ya kidole chake kilichokaa mdomoni kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Ijumaa kidole kilishuka. Baada ya masomo alitundika ukutani kitambaa kikubwa chenye miraba na mifuko, akachomeka kete za kadibodi, akaanza kutusimulia sataranji ya zamani, mchezo wa kumnasa mfalme wa mwenzako. Vitabu vyote vya mchezo huo tulivyo navyo vimeandikwa kwa lugha tunayosomea hesabu, ambayo mimi huisema pale tu ninapolazimishwa. Yeye alituletea kwa Kiswahili, na wachezaji wa kale wakaanza kugombana kama majirani zetu.

Alitusimulia habari za bingwa wa kwanza wa kike wa dunia, na wanaume waliotaniana kwamba atakayefungwa naye ataingizwa kwenye chama cha waliofungwa. Aliyeleta mzaha huo akafungwa, akawa mwanachama wa kwanza. "Karibu, kaka, usione haya, kaa mbele!" Bi Kimya alikuwa akimwambia, kana kwamba yupo mlangoni. Alituigizia bingwa mwingine wa dunia akiinuka mbele ya kompyuta iliyomfunga, mikono ameitandaza kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli si lake. Michezo hiyo aliijua kwa kichwa, hatua kwa hatua. Kabla ya pigo la mwisho alitutazama. "Haya. Ungekuwa wewe?"

Sote tuliamini kwamba hakuna awezaye kumfunga. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hatujawahi kumwona akicheza.

Klabu yetu ya sataranji ikaamua kumwandalia mechi ya kumuaga, jukwaani, shule nzima ikitazama. Kapteni wetu ndiye aliyetakiwa kucheza naye, akasingizia mafua. Wengine nao ghafla wakakumbuka wana kazi.

"Nenda wewe," Kapteni aliniambia, na sauti yake haikuwa na mafua hata kidogo. "Wewe ukifungwa, nani atashtuka?"

Kweli. Mimi hata jina langu likiitwa darasani huitikia kwa kuinua kalamu.

Bi Kimya alipoiona meza jukwaani, alisimama mlangoni muda mrefu. Tukadhani ni furaha.

Alicheza na kete nyeupe. Hatua zake za kwanza zilikuwa zilezile za mchezo maarufu uliochezwa ndani ya jumba la opera, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita. Kijana mgeni alialikwa na wakubwa wawili, wakacheza naye humohumo huku waimbaji wakiendelea, wao wawili wakishauriana dhidi yake mmoja. Akawatolea malkia wake bure. Farasi wao akamla, kisha ngome ya kijana ikashuka ikamfunga mfalme wao. Kwa woga wangu, nami nilijikuta nafuata nyayo za wale wakubwa. Nilipogundua naelekea kaburini, nikamrudisha malkia wangu nyumbani amlinde mfalme. Wao hawakufanya hivyo.

Bi Kimya akaendelea kana kwamba ninacheza kama wao. Akamsukuma malkia wake mdomoni mwa farasi wangu.

Kapteni, aliyekuwa akihamisha kete kwenye kitambaa ili watu waone, aliangusha malkia wa kadibodi. Mlinzi wa geti akapaza sauti kutoka nyuma, "Hapo kuna mtego, dogo! Usiguse!"

Nikautafuta mtego. Sikuuona. Nikatafuta tena, mraba kwa mraba. Malkia wangu alikuwa analinda mraba uleule ambao ngome yake iliuhitaji. Hapakuwa na mtego wowote.

Nikamtazama. Aliukodolea macho ubao kama mtu aliyeamka ndani ya nyumba ya wenyewe.

"Nimecheza mchezo wa yule kijana," alininong'oneza. "Huu wetu sikuuona."

"Unataka kumrudisha malkia, Bibi?"

"Sijawahi kucheza na mtu, mwanangu. Tangu nizaliwe. Niliogopa kufungwa, nikawa nacheza michezo iliyokwisha." Akamwelekezea malkia kidole. "Mchukue."

Nilitaka kujifanya sikumwona. Ningesogeza askari mmoja pembeni, naye Bi Kimya angestaafu bila kufungwa na mtu. Nadhani alinisoma usoni, maana alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Mchukue, nimesema!"

Nikamchukua. Alipigana bila malkia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akamlaza mfalme wake kwa mkono wake mwenyewe, kukiri ameshindwa.

Mkuu wa shule akakamata kipaza sauti. "Mmeona, wanangu? Huo ndio moyo wa mkutubi wetu! Hata siku ya kuagwa, amempa mtoto ushindi!"

Makofi yakatetemesha madirisha. Mimi nilisema moyoni afadhali, aibu imepita. Nikageuka nimpe mkono. Bi Kimya alikuwa analia, na hakuwa analia kwa furaha.

Baadaye nilimkuta maktabani akipanga viti kwa kishindo, yeye aliyetufukuza humo tukikohoa tu.

"Wameninyang'anya!" alisema. "Mchezo wangu wa kwanza maishani. Nimecheza mwenyewe, nimekosea mwenyewe, halafu eti nimeugawa!"

Nikamwambia tukisema ukweli, watu watamcheka.

Akaniuliza kama namjua yule bwana aliyefungwa na mpinzani aliyekuwa ametoa malkia na ngome zote mbili. Inasimuliwa kwamba aliyefungwa ndiye aliyekimbilia kupeleka habari za mchezo huo kwa klabu yake, kwa jinsi alivyostaajabu. "Mbona yeye hakujificha? Ukurasa unao wewe. Andika."

Basi shule nzima isikie. Bi Kimya alifungwa. Alimtoa malkia wake kwa makosa, na hakunipa chochote. Farasi wake mmoja alikaribia kunitoa roho. Tangu siku hiyo tunacheza kila jioni. Nimemfunga michezo yote isipokuwa wa jana, alioushinda kwa hatua ambayo haimo katika kitabu chochote alichowahi kukishona. Alipiga ukelele, mlinzi akaja mbio na rungu lake akidhani kuna nyoka.

Asante, Bi Kimya, kwa vitabu ulivyovitibu na kwa watu wa kale uliotukutanisha nao. Ustaafu wako uwe na afya, usingizi wa mchana, na wapinzani wasiokuhurumia.

Nasikia viatu vyake vinakaribia mlangoni, na kete zinagongana ndani ya kopo. Mkono wangu ulishaanza kuifunika karatasi hii. Nimeuondoa. Aingie asome, kisha nina la jana la kulipiza.