Baba wa Shujaa Hakufa

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia kwenye basi, lakini kiti cha mbele kilikuwa na ubishi. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa akimlalamikia mama mtu mzima, wala hawajuani, kuhusu filamu ya katuni iliyotokana na kitabu.

"Kwenye kitabu, baba yake shujaa anakufa. Hawa wa filamu wamemwacha hai. Wameharibu."

"Mjukuu wangu ameitazama mara tatu."

"Lakini mama, kifo kile ndicho kinachompa nguvu za kuruka."

"Baba yake mjukuu wangu tulimzika mwaka jana," mama alisema. "Mtoto hajaruka mpaka leo."

Usingizi ukamwisha muuguzi. Basi liliposimama kwenye kituo cha mama, fundi alimshushia mfuko wake, akasema kwa upole kwamba hata hivyo, kitabu ni kitabu.