Mwalimu Haule, Korosho na Vikombe Vitatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Gaudensi Haule anatimiza miaka thelathini na mmoja ya kufundisha saikolojia katika chuo chetu cha ualimu hapa Likombe, na anastaafu. Alikuja kutoka Songea akiwa kijana mwembamba. Anaondoka na kitambi, na sisi wa jikoni tunasema hiyo ni kazi ya mikono yetu.

Somo alipendalo ni umakini wa binadamu na mipaka yake. Siku moja aliazima chujio la chai akaenda nalo darasani. Wataalamu wengine, aliwaambia wanachuo, wanasema akili ni kama chujio: mengi yanamiminwa, machache yanapita. Wengine wanasema ni tochi, ikimulika hapa kule ni giza. Wengine wanasema ni ndoo moja ya maji, ukimwagilia mchicha, ya kuoshea vyombo yanapungua. Tangu hapo anaitwa Mwalimu Chujio, na anaitika.

Mimi Ilda, mhudumu wa chai, nina sababu yangu ya kuandika. Mwaka juzi nilirudi kazini na mwanangu Helder mgongoni, bado mchanga, maana kwetu ni Kilambo na hapa mjini sina wa kumwachia. Baadhi ya walimu wakalalamika kwamba mtoto atawapotezea umakini kwenye vikao. Mkuu wa chuo, Bwana Saidi, akasema kikao cha Ijumaa kitaamua: mtoto asije tena, au tusije wote wawili.

Ijumaa hiyo Mwalimu Haule aliomba kwanza dakika chache za mchezo. Akafunika korosho kwa kikombe kimoja kati ya vitatu, akavizungusha mezani mbiombio, akawataka wote waifuate kwa macho. Mimi alikuwa ameshaninong'oneza nipite katikati yao, tena nisikimbie. Nikapita na mtoto na chupa ya chai, nikasimama mbele ya Bwana Saidi kabisa, nikatokea mlango wa pili.

Korosho wakaipata, wakashangilia. Mwalimu akauliza ni nani aliyepita. Mmoja akasema labda paka. Niliporudi na Helder wangu, Bi Irene wa maktaba alicheka hadi machozi.

Bwana Saidi hakukubali upesi. "Wewe Haule, umeonyesha sisi ni vipofu tu!"

Mwalimu akasema ndivyo hasa: aliyezama kwenye kazi hamwoni mtoto, anayemwona ni yule ambaye kikao kimemchosha. Na mama aliyeacha mtoto mbali humimina chai huku nusu ya akili iko Kilambo. Basi, akauliza, nani atanyoosha mkono kulalamika? Hakuna aliyenyoosha.

Nikabaki na kazi yangu. Sasa kuna chumba cha watoto kando ya jiko, na wanachuo wenye wachanga wanasoma bila kukatisha. Hata mimi nimejiandikisha kurudia kidato cha nne.

Asante sana, Mwalimu. Mungu akupe afya na miaka mitamu huko Songea. Siku ya kukuaga, zawadi yetu ataileta Helder, kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya wote.