Maisha ya Kaka Yetu Minyororo, Dereva wa Gari la Wagonjwa

Ndugu, jamaa na majirani, nanyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mimi ndiye mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Wameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, katika chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga aliyoiendesha baba, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi ya hapa bondeni kuanzia 1976 hadi 1982, na masomo yake yakaishia hapo kwa sababu mkanda wa mashine ulimjeruhi baba mkono, ikabidi mtu ashike kazi.

Baadaye alikuwa utingo wa lori la mbao, akajifunza udereva humo humo, na tarehe 3 Februari 1994 akaajiriwa kuendesha gari la wagonjwa la kituo cha afya kule juu, kazi aliyoifanya mpaka mwisho wake. Njia ile mnaijua, huku mlima, huku korongo, na mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni, naye alifunga minyororo kwenye matairi, ndipo mkampa jina hilo, akapanda polepole kwa gia nzito, huku mama mwenye uchungu akiutukana ukoo wetu mzima, naye akimjibu, "Tukana tu, dada, matusi hayajawahi kukwamisha gari." Wapo watu hapa waliozaliwa ndani ya gari hilo, na mmoja wazazi wake walimwita Minyororo, masikini, mpaka leo.

Tarehe 16 Desemba 1995 alimwoa shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, na binti yao mkubwa, kaka mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha kwenye tope lile lile, na sasa binti huyo anaendesha lori la maziwa.

Sasa nifike pale ambapo upole unanishinda. Miaka minne iliyopita ilianza kuja klabu ya magari ya mjini, magari yenye matairi makubwa kuliko akili za wenyewe, wakawa wanapanda njia yetu kila Jumapili ya mvua kwa mchezo, wakichimbua tope na kupigana picha, wakiondoka wameacha mifereji ya kufika magotini. Kaka aliwafuata, kofia mkononi, akawaeleza kwamba hiyo ndiyo njia ya wagonjwa, na mwenyekiti wao akampiga begani akasema, "Mzee, tope ndiyo raha yenyewe." Akaenda ofisi ya barabara, akaambiwa hao ni wageni wanaoleta maendeleo. Basi kila Jumatatu akawa anaifukia mifereji kwa mawe, yeye na mkewe.

Jumapili tarehe 14 Aprili mwaka huu alishikwa na tumbo, daktari wa kituo akasema ni kidole tumbo, ashushwe hospitali kubwa akapasuliwe mara moja. Binti yake akashika usukani wa gari la wagonjwa. Kwenye kona ya pili gari likazama mpaka ekseli, na mbele magari yao mawili yameziba njia, moja limekwama. Binti akawakimbilia, akawaambia, "Baba yangu anakufa humu ndani." Wakamjibu, "Subiri, dada, tumvute mwenzetu kwanza." Wakamvuta mwenzao, wakapiga picha, ndipo wakalivuta gari la wagonjwa. Walipofika hospitali, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na sumu imeenea, na Jumanne tarehe 16, saa nne asubuhi, kaka yetu akafariki.

Mwenyekiti wa klabu yupo hapa, safu ya pili, ameleta maua. Msibani hafukuzwi mtu, hivyo akae, maua yake shemeji ameomba yabaki nje ya geti. Ila asije akasimama hapa kutuambia kwamba ilikuwa kazi ya Mungu. Mungu hana matairi makubwa. Na Jumapili ijayo watakuta magogo barabarani, na sisi tumekaa juu yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku mbili, wafanyakazi wenzake wa kituo cha afya, na majirani mliokuja na majembe jana kutengeneza njia ili jeneza lipite.

Kaka, umegongewa dirisha usiku miaka yote hiyo, na hukuwahi kusema umechoka. Lala sasa, hatukuamshi tena.